Injini ya mashua imechoka: tuifufue au tununue mpya?

Si nadra kumkuta mfanyakazi wa mjini, awe karani, dereva au mwalimu, ambaye hajapata kushika usukani wa chombo maishani mwake, lakini ana fungu lake katika mashua. Amelipata kwa urithi, au aliweka humo kiinua mgongo chake pamoja na nduguze walioko Mafia, Tanga au Unguja. Maadamu mashua inakwenda na kurudi, huletewa chochote cha kununulia sare za watoto na kulipia kodi ya nyumba, wala haulizi zaidi. Kisha siku moja hupigiwa simu na nahodha, akaambiwa kwamba injini imekufa.

Hapo ndipo jamaa wanapogawanyika. Wako wanaosema injini ishushwe, ifunguliwe, ifufuliwe, kwani marehemu baba alikwenda nayo miaka ishirini na haikumtupa. Wako wanaosema chuma hicho kimekula chumvi ya kutosha, kiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kila mmoja atoe mchango ikanunuliwe mpya. Kila upande una hoja, na kila upande unazisema kwa sauti kubwa, ilhali hakuna hata mmoja aliyeinama kuitazama injini yenyewe. Mashua nyingi zimeoza ufukweni si kwa kukosa fedha, bali kwa sababu wenye mali walikaa misimu miwili wakibishana.

Makala haya yanakusudia kukusaidia wewe ambaye utaitwa kwenye kikao kama hicho. Swali la mpya au kuukuu ni swali la mwisho. Kabla yake kuna maswali mengine ambayo majibu yake hayapatikani katika maneno ya mtu, hata awe mkubwa wa ukoo. Yanapatikana kwa kupima.

IMEKUFA KWELI?

Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Mhandisi wa Kijerumani, Rudolf Diesel, ambaye mtambo wake ulijaribiwa kwa mafanikio katika mji wa Augsburg mwaka 1897, alitegemea jambo moja, nalo ni kwamba hewa ikishindiliwa kwa nguvu hupata moto. Ndani ya silinda, hewa hushindiliwa mpaka ibaki sehemu moja tu kati ya 16 hadi 22 za ujazo wake wa awali. Joto lake hupita nyuzi 500 za Sentigredi, na dizeli inaponyunyizwa humo huwaka yenyewe. Basi injini ya namna hii inahitaji vitu vitatu: hewa, dizeli safi, na ule mshindilio ambao mafundi huuita kompresheni.

Hewa na dizeli ni mambo ya gharama ndogo. Mshindilio ndio wenye gharama. Kwa hiyo mtu mwenye busara huanza na yale mawili ya rahisi, na mara nyingi hana haja ya kwenda mbele zaidi. Tangi linaloachwa nusu tupu usiku kucha hufanya majimaji ndani yake, na hapo maji na dizeli vinapokutana huota utelezi wa vijidudu ambao huziba machujio. Mrija wa dizeli ukilegea mahali pa kuungia hunyonya hewa, na injini hukohoa na kuzima kana kwamba imekata roho. Nozeli iliyochakaa humwaga dizeli badala ya kuinyunyiza. Kiwiko cha ekzosi, pale maji ya chumvi yanapokutana na moshi wa moto, hujaa masizi na kutu mpaka tundu likabaki dogo. Na rafadha iliyoota magamba ya baharini huielemea injini nzima isiyo na kosa lolote. Injini nyingi zinazotangazwa kuwa zimekufa huwa zimekabwa koo tu.

Moshi nao husema, ukiuangalia vizuri. Moshi mweusi una maana dizeli ni nyingi kuliko hewa, au mzigo umezidi: tazama chujio la hewa, nozeli, ekzosi na rafadha. Moshi wa rangi ya buluu ni oili inayoungua, nayo hupanda kwa kupita kwenye ringi zilizokwisha au kushuka kwenye miongozo ya valvu. Moshi mweupe ni dizeli isiyowaka, jambo la kawaida asubuhi injini ikiwa baridi. Lakini ukiendelea kutoka hata baada ya injini kupata moto, yawezekana mshindilio umepungua, ama ni mvuke wa maji yanayoingia ndani ya silinda. Hilo la maji si la kuahirisha hata safari moja.

Kisha chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ya dizeli kuwa nyeusi si kosa. Lakini ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yamechanganyika nayo. Na ukisugua tone lake baina ya vidole ukaona vimetameta vya chuma, beringi zinasagika. Presha ya oili ikiwa nzuri asubuhi na kushuka sana injini inapopata moto, hiyo pia ni dalili ya beringi kulegea.

Baada ya hayo ndipo aitwe fundi mwenye geji ya kompresheni. Mwambieni apime kila silinda injini ikiwa ya moto, aandike tarakimu kwenye karatasi, na karatasi hiyo ibaki kwenu. Silinda zikikaribiana, na zote zikiwa karibu na kipimo cha mtengenezaji, msiifungue injini hata kidogo. Zikitofautiana kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi, kuna silinda mgonjwa. Fundi akitia oili kidogo sana ndani ya silinda hiyo na kipimo kikapanda, ringi zimekwisha. Kisipopanda, kosa liko kwenye valvu au gasketi, na huenda mkaokoka kwa kufungua silinda hedi peke yake. Karatasi hiyo moja ina thamani kuliko hotuba zote za kikaoni.

KUFUFUA NI KUFUFUA

Tuseme vipimo vimeonyesha kwamba injini imechakaa kweli. Swali linalofuata ni hili: kilichochakaa ni kile kinachobadilishwa, au ni bloki yenyewe?

Pistoni, ringi, beringi, valvu na nozeli vimetengenezwa vikijulikana kwamba vitakwisha. Silinda zaweza kuchongwa upana mpya au kuwekewa slivu. Krenki yaweza kukerezwa ikafungiwa beringi za kipimo kinachofuata. Lakini bloki iliyoliwa na chumvi haina dawa. Hapa hapana budi kuuliza injini yenu inapozwaje. Ziko zinazovuta maji ya bahari na kuyapitisha moja kwa moja ndani ya mwili wake; hizo huachwa ziende na joto la chini, kiasi cha nyuzi 60 au pungufu, kwa sababu maji ya chumvi yakizidi hapo huganda na kuziba njia. Ziko zenye maji baridi yasiyo na chumvi yanayozunguka ndani, nayo hupozwa na maji ya bahari kwenye mtungi wa mirija ulio pembeni. Za namna ya pili huzeeka kama injini za magari. Za namna ya kwanza huoza kutoka ndani kwenda nje, na siku utakayoona kutu ikilia jasho kwenye bloki, ujue kwamba pistoni mpya zitafungwa ndani ya maiti. Kwa injini kama hiyo, ubishi umekwisha.

Ikiwa bloki ni nzima, ulizeni vipuri. Si vya kuambiwa kwamba vinapatikana. Mtu aende dukani akiwa na namba ya injini, arudi na bei ya kila kimoja. Baadhi ya injini za zamani zilienea sana duniani, kama Perkins 4.108 ya Uingereza, yenye silinda nne, ambayo ilifungwa katika maelfu ya mashua za tanga, na vipuri vya namna hiyo bado hutafutwa vikapatikana. Nyingine zilikuja chache, na mtengenezaji wake amekwisha kufunga milango. Injini nzuri isiyo na gasketi ni nanga tu.

Jambo la tatu ni maana ya neno lenyewe. Wako mafundi ambao kwao kufufua ni kubadilisha ringi, kuosha kwa petroli na kupaka rangi ya kijani. Ringi mpya ndani ya silinda iliyokwisha kuwa ya yai hazikai. Baada ya miezi michache moshi wa buluu hurudi, na fedha haikurudi. Kufufua kwa haki ni silinda kupimwa na kuchongwa, krenki kupimwa na kukerezwa, beringi zote kuwa mpya, valvu kusagwa na kukalishwa, na pampu ya dizeli pamoja na nozeli kupelekwa kwa fundi mwenye mashine ya kuzipimia. Kama hamwezi kulipia yote hayo, afadhali msubiri mkusanye, kuliko kulipa nusu mara mbili.

BEI ISIYOANDIKWA DUKANI

Wale wa upande wa injini mpya hupenda kuja na bei moja, ile iliyobandikwa kwenye kichuma cha dukani. Waulizeni bei ya pili.

Injini za zamani zilizunguka polepole. Ile Lister CS ya Uingereza ya miaka ya 1930, iliyosukuma vinu na pampu mahali pengi, ilitoa nguvu za farasi 6 kwa mizunguko 650 tu kwa dakika. Injini ndogo za mashua zinazouzwa leo nyingi hufikia mizunguko 3,000 na zaidi, na hutegemea gia boksi kupunguza kasi kabla ya kufika kwenye rafadha. Maana yake ni kwamba rafadha yenu ya zamani huenda isifae kwa upana wala kwa mlalo wa makafi yake, na yawezekana hata upande wa kuzunguka ukawa wa kinyume. Shafti nayo huenda ikawa nyembamba au fupi. Miguu ya injini mpya haitakaa kwenye matundu ya zamani, hivyo seremala wa vyombo ataitwa kuchonga upya mbao za kitako. Bomba la ekzosi litataka upana mwingine. Nyaya, betri, tangi na mirija vyote vitadai haki yao. Si ajabu gharama za kufunga zikawa nusu nyingine ya bei ya injini, na familia iliyochanga kwa ajili ya dukani tu hujikuta na injini mpya iliyokaa sebuleni ndani ya sanduku.

Hata hivyo haki ya injini mpya nayo isemwe. Ni nyepesi, haivuji, huja na vipuri na karatasi zake, na humpa nahodha usingizi. Tena huokoa dizeli. Kwa makadirio ya kawaida, injini ya dizeli hutumia kiasi cha robo lita hivi, au chini kidogo ya hapo, kwa kila nguvu moja ya farasi kwa saa. Mashua inayotumia nguvu 20 huunguza lita 4 hadi 5. Kutoka Dar es Salaam hadi Unguja ni kama maili 40 za bahari. Kwa mwendo wa maili 6 kwa saa, ni safari ya muda unaokaribia saa 7, yaani lita 30 hivi. Tuseme injini iliyochoka inakula robo zaidi: lita 7 na nusu kila safari. Kwa safari 100 kwa mwaka ni lita 750. Zidisheni kwa bei ya dizeli ya wiki hii, mwone inachukua miaka mingapi kulipa tofauti baina ya kufufua na kununua. Mwenye safari nyingi ataona mpya inajilipa. Mwenye kutoka mara mbili kwa mwezi hataona hivyo hata kidogo.

Vijana watasema, maadamu tunanunua, tununue kubwa. Hapo mzuieni mtu kwa hesabu. Chombo kizito cha mbao hakipai juu ya maji. Hukwama kwenye wimbi linalotokana na mwendo wake mwenyewe, na mwisho wa mbio zake huamuliwa na urefu wa mkuku. Mashua yenye futi 30 kwenye usawa wa maji mwisho wake ni maili 7 na kidogo kwa saa. Mkiifunga injini ya nguvu mara mbili hamtapata mbio mara mbili. Mtapata povu, tezi iliyozama, na tangi tupu. Nguvu za farasi 3 hadi 5 kwa kila tani ya uzito wote wa chombo zinatosha kwa kazi ya kawaida.

Liko pia wazo la tatu, la kununua injini ya gari iliyotumika na kuigeuza iwe ya baharini. Zipo zinazofanya kazi vizuri. Walakini injini ya gari haikutengenezwa kukaa mshazari ndani ya ngama, haina pampu ya maji ya bahari wala mtungi wa kupozea, na historia yake huijui. Na injini za magari ya karibuni zina kompyuta na vihisio vinavyosimamia kila tone la dizeli. Chumvi na kompyuta havipatani. Mimi ningechagua injini ya pampu ya kawaida ambayo fundi wa Kilindoni anaweza kuifungua kwa spana kuliko ile ambayo ikizima katikati ya maji inataka mtu mwenye mashine ya kusoma makosa, na mtu huyo yuko Dar es Salaam.

TANGA LIKO WAPI?

Katika vikao hivi kuna kitu ambacho hakitajwi kabisa, nacho ni tanga. Mashua ilizaliwa na mlingoti. Katika miaka ya 1938 na 1939 mwandishi mmoja wa Australia, Alan Villiers, alisafiri na jahazi la Kuwait kutoka Aden hadi Zanzibar na delta ya Rufiji, mahali walipokwenda kupakia boriti, na chombo hicho kilikwenda na kurudi kwa pepo za kaskazi na kusi. Sisemi turudi huko. Mfanyabiashara wa leo hangoji upepo. Lakini baada ya kupata injini, wenye vyombo wengi wameliacha tanga lioze chini ya magunia, foromali ikafanywa nguzo ya banda, na henza ikageuka kamba ya kuanikia nguo.

Jambo hili linaingia moja kwa moja katika uamuzi wenu. Mkondo wa bahari wa pwani yetu huelekea kaskazini, na wakati wa kusi hupata nguvu zaidi. Mashua iliyozimikiwa na injini baina ya Mafia na Dar es Salaam, bila tanga, haisimami kungoja msaada, inachukuliwa. Waliomo ni watoto wa watu. Chombo chenye tanga zima, kamba nzima na mabaharia wanaojua kulipandisha, chaweza kuridhika na injini kuukuu iliyofufuliwa vema, kwani injini hapo ni msaidizi. Chombo kisicho na tanga kimeweka roho zote juu ya injini moja, na hapo sina ushauri mwingine isipokuwa kununua iliyo bora, au kulishona tanga kwanza kwa fedha hiyo hiyo. Tanga jipya ni rahisi kuliko injini yoyote.

Na mtazame mwili wa chombo chenyewe. Mataruma yakiwa yameliwa, mbao zikiwa zinashika kalafati kwa huruma, injini mpya itaishi kuliko mashua iliyoibeba. Mchomeni mtu wa maji kisu mkononi, akadunge mbao kuanzia omo hadi tezi siku ya bamvua, maji yanapokupwa na kuiacha mashua mchangani. Kisu kikizama, fedha ya kwanza ni ya seremala.

Mnapokaa kikao, mwiteni nahodha, na mpeni nafasi ya kusema kabla ya wakubwa. Yeye ndiye anayeisikia injini kila siku. Mezani ziwepo karatasi tatu: vipimo vya kompresheni, bei ya kufufua pamoja na vipuri vyote, na bei ya mpya pamoja na kufunga. Ikiwa kufufua kwa haki kunapita nusu ya gharama yote ya mpya, mimi ningeelekea kwenye mpya. Chini ya hapo, na bloki ikiwa nzima, ningefufua. Michango iandikwe, na fungu la kila mtu litajwe, ili mwakani pasitokee wa kusema injini ni yake na mbao ni za wenzake. Injini ikibadilishwa, taarifa ipelekwe palipoandikishwa chombo: kwa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania upande wa Bara, au Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa Zanzibar.

Kazi yenyewe ifanywe wakati wa masika, safari zinapokuwa chache. Shafti isipangwe kwa mara ya mwisho mashua ikiwa mchangani, kwa sababu mbao hujipinda chombo kinapoelea. Fundi arudi kuipima majini siku mbili tatu baadaye. Injini iliyofungwa ringi mpya isibembelezwe kwa kuachwa ikinguruma bila mzigo saa nyingi, maana silinda hung'aa kama kioo na ringi hazikai; ipewe kazi ya wastani, ikipandishwa na kushushwa. Oili ya kwanza imwagwe baada ya saa 50 au kama kitabu kinavyoelekeza, nati za miguu zikazwe tena, na nahodha apewe daftari na kalamu ya kuandikia saa za kila safari.